Kwa bei hiyo ulitaka nini?

Wiki hii nilikuwa nimeahidi kuendelea na ule mfululizo wa hifadhidata. Samahani wasomaji wangu, hautakuwepo. Kuna jambo limenikaa rohoni tangu Jumamosi, na nisipolitoa nitaandika programu mbovu mwezi mzima.

Jambo lenyewe ni swali. Niliulizwa na mwenye duka la kompyuta mjini Mombasa, mbele ya wateja wengine watatu, huku ameishika kadi yangu ya michoro kwa vidole viwili kama mtu aliyeshika samaki aliyechina: "Ndugu yangu, kwa bei hiyo ulitaka nini?"

Wale wateja wakacheka. Mimi nikabaki nimenyamaza kama mtoto aliyeshikwa na sukari mdomoni. Jibu lilinijia nikiwa kwenye matatu ya kurudi Mtopanga, hata daraja la Nyali hatujalivuka, na kama mnavyojua jibu zuri halina faida ukishashuka dukani. Basi nalitoa hapa. Nilitaka kile kilichoandikwa kwenye risiti. Ni hicho tu. Sikutaka zawadi, sikutaka sadaka, sikutaka muujiza.

Nianze mwanzo. Mwezi wa Julai 2025 nilikuwa natafuta kadi ya michoro. Kwa msomaji asiyezijua, hii ni ile kadi kubwa yenye feni inayochomekwa ndani ya kompyuta ya mezani, nayo kazi yake ni kuchora picha za kwenye kioo. Kwa kuwa imejaa viini vidogo maelfu vinavyofanya hesabu kwa pamoja, watu wakagundua inafaa kwa mambo mengine: gemu ndiyo, lakini pia kuchakata vidio, kuchimba sarafu za kripto, na siku hizi kuendesha modeli za lugha. Mimi niliitaka kwa hilo la mwisho. Nilitaka kujaribu modeli ndogo ndogo za Kiswahili nyumbani kwa llama.cpp, kwa sababu kukodi kompyuta za ughaibuni kwa dola ni kujikamua damu, hasa kwa mtu anayelipwa kwa shilingi.

Nikaona tangazo. RX 580 ya GB 8. Bei ya zamani 19,500, imepigwa mstari mwekundu. Bei mpya 14,000. Nikaenda mjini. Sanduku limefungwa nailoni, halina hata kovu. Nikauliza mara mbili, maana mimi ni mtu wa kuuliza: "Ni mpya?" Akajibu, "Mpya kabisa, kaka, wewe ndiye unaifungua." Nikalipa kwa M-Pesa, akaniandikia risiti kwa mkono: RX 580, GB 8, mpya, dhamana miezi sita. Chini ya risiti kuna yale maneno yaliyochapishwa tangu zamani za Adamu, kwamba mali ikishauzwa hairudishwi.

Najua mtakachosema wale wataalamu. RX 580 ilitoka Aprili 2017, mpya itatoka wapi leo? Swali zuri, na nililifikiria. Nikajiambia huenda ni mali iliyobaki kwenye ghala la watu huko Uchina, ikakaa, ikashushwa bei. Vitu hivyo hutokea. Ndiyo, nilijidanganya kidogo. Bei ilinisaidia kujidanganya, na tangazo lilikuwa limeandikwa na mtu anayejua kwamba bei husaidia.

Kama ingekuwa ni mimi peke yangu, ningemeza. Tatizo ni kwamba mimi ndiye "mtu wa kompyuta" wa familia. Binamu yangu ana chumba cha gemu huku huku Mtopanga, watoto wanakuja kucheza mpira wa kwenye kioo wakitoka shule, na hicho ndicho kinachomlipia kodi ya nyumba. Akaniuliza, "Duka lile ni la kuaminika?" Nikamwambia ni la kuaminika. Akakopa kwenye chama, akanunua mbili. Shilingi 28,000 kwa neno langu. Ninachoandika hapa kina hasira, na hasira hiyo nusu yake ni aibu, msije mkadhani sijui.

Wiki ya tatu kadi yangu ikaanza kutoa vijisanduku vya kijani kwenye kioo. Mwanzoni nikalaumu nyumba. Huku kwetu pwani joto na unyevu ni dawa ya kuua vyuma. Chumvi ya hewa inakula hata bawaba za mlango. Nikapima joto la kadi: nyuzi 74 ikiwa kazini, ambazo kwa kadi hii si kitu. Nikaendesha programu ya kupima kumbukumbu yake, makosa yakamiminika kabla chai haijapoa. Kadi ya binamu mmoja nayo ilikuwa inazima kioo katikati ya mechi, na unaweza kufikiria kelele za watoto waliokwisha kulipa.

Hapo nikafanya nilichopaswa kufanya siku ya kwanza. Natumia Linux, basi nikaiuliza mashine yenyewe kwa amri ya lspci, ipo kadi gani humu ndani. Ikajibu kwa namba ya utambulisho: 1002:6fdf. Ile namba ya kwanza ni AMD. Ya pili si ya RX 580 tunayoijua. Ni ya RX 580 2048SP.

Hapa inabidi tutulie kidogo, kwa sababu hapa ndipo penye utamu wote. RX 580 ya asili ina viini 2304. Mwezi wa Oktoba 2018 AMD ilitoa kwa soko la Uchina kadi iliyoitwa RX 580 2048SP, yenye viini 2048, yaani idadi ile ile ya RX 570, kadi ndogo yake. Jina la mkubwa, mwili wa mdogo. Hata kama ingekuwa mpya kabisa, kuuziwa hii kwa jina fupi la RX 580 ni kama kupimiwa kilo ya sukari yenye gramu 889. Ni uchache unaoweza kusameheka, wala usingeugundua kwa macho, lakini mwenye mizani anajua. Na kwenye sanduku langu yale maneno "2048SP" hayapo. Hayapo popote. Nimelitazama sanduku lile hadi chini ya kifuniko.

Kwa nini hii inanipa shaka ya pili, shaka ya utumizi? Kwa sababu ya historia. RX 470, 570 na 580 zilikuwa kadi pendwa za wachimbaji wa Ethereum. Zilikuwa rahisi, hazili umeme mwingi ukizirekebisha, na zile za GB 8 ziliendelea kufaa hata baada ya zile za GB 4 kushindwa kubeba faili kubwa lililohitajika na uchimbaji. Zikafungwa kwenye fremu za chuma kwa maelfu, zikifanya kazi usiku na mchana bila kupumzika. Halafu tarehe 15 Septemba 2022 Ethereum ikabadili mfumo wake, ikaacha kabisa kutumia uchimbaji. Siku moja kadi hizo zilikuwa mashine za kuchapa pesa, siku ya pili ni chuma. Chuma hicho hakikutupwa. Chipu inaweza kung'olewa kwenye ubao wa zamani, ikasafishwa, ikalehemiwa kwenye ubao mpya, ikawekwa feni mpya zenye taa na sanduku lenye picha ya roboti. Chipu zenye viini 2048 zipo nyingi mno, na jina la 2048SP linazipokea zote vizuri.

Nikachukua bisibisi.

Juu ya skrubu moja palikuwa na stika ndogo nyeupe inayosema ukiiondoa dhamana imekufa. Nilikaa mbele ya ile stika kwa dakika kumi hivi. Sitanii. Stika ya ukubwa wa ukucha, na nyuma yake ndiko kuliko ukweli wote kuhusu shilingi 42,000 za familia. Nikaikata.

Ubao ulikuwa mpya, wa kung'aa. Feni mpya. Mapezi ya kupozea hayana hata chembe ya vumbi. Lakini chipu ikishapanguswa krimu husomeka, na tarehe ya kutengenezwa huandikwa juu yake kwa namba nne, mwaka na wiki. Yangu ilisema 1731: wiki ya 31 ya mwaka 2017. Kadi ya jina hili ilikuja Oktoba 2018. Chipu za kumbukumbu ziko nane, kila moja ya GB 1, na hizo nane zilikuwa na tarehe tatu tofauti. Mbili kati yake zilikuwa zimezungukwa na utomvu wa kahawia wa lehemu, ule unaobaki fundi akilehemu kwa hewa ya moto asisafishe.

Je, huo ni ushahidi kwamba kadi imetumika? Hapana, si ushahidi wa kumfunga mtu. Chipu inaweza kukaa ghalani mwaka mzima kabla ya kupata ubao. Kiwanda kinaweza kuokoteza chipu za kumbukumbu kutoka mafungu tofauti. Fundi mchafu anaweza kuwa mchafu kwenye kitu kipya pia. Nimesema "huenda", na nitaendelea kusema "huenda" hadi mwisho wa makala hii, kwa sababu kadi ya michoro haina mita. Gari lina mita ya kilomita. Diski ina daftari lake la ndani linaloandika saa ilizofanya kazi. Kadi haina kitu. Inaweza kuwa imechimba sarafu miaka minne mfululizo na isikumbuke hata siku moja. Ni shahidi asiye na kumbukumbu, na wauzaji wanalijua hilo kuliko mimi.

Na msidhani mita inatosha. Januari 2025 jarida la Heise la Ujerumani lilifichua diski za Seagate zilizokuwa zikiuzwa kama mpya ilhali zimetumika. Lile daftari la kawaida la saa lilikuwa limefutwa, linasoma kama diski ya jana. Lakini diski hizo zina daftari la pili, lililofichika zaidi, liitwalo FARM, na wahuni hawakulifuta. Likaonyesha saa zaidi ya 15,000. Ikashukiwa kwamba zilitoka kwenye mashamba ya kuchimba sarafu ya Chia huko Uchina. Wanunuzi wengine walizipata kwa wauzaji wa heshima, wala haikuwa kichochoroni. Sasa jiulizeni, kama Mjerumani na daftari zake mbili anauziwa, mimi wa Mtopanga na kadi isiyo na daftari hata moja nitajilinda kwa kitu gani? Kwa kunusa?

Turudi dukani. Nilimweleza mwenye duka yote haya kwa adabu. Akasikiliza kidogo, halafu akaigeuza kadi, akaiona ile stika. Uso ukamchangamka.

"Umefungua."

"Nimefungua ili nione."

"Basi umeua dhamana, kaka. Mimi nifanye nini? Pengine wewe ndiye uliyeiharibu."

"Na kama nisingefungua?"

"Ungesema imetumika, nami ningekuuliza umejuaje."

Mmeona uzuri wake? Usipofungua huna ushahidi. Ukifungua huna dhamana. Ni mtego wa panya wenye mlango mmoja, na jibini yenyewe ni ile bei iliyopigwa mstari. Nikamwambia hivyo hivyo, na hapo ndipo aliponiuliza lile swali la bei.

Sasa nataka tulichane swali hili, maana nimelisikia kwa wengi. Nimelisikia kwa wauza simu, kwa wauza betri, na linaloniuma zaidi, nimelisikia kwa watu wa fani yangu. Mwenzangu mmoja tuliyesoma naye sayansi ya kompyuta chuoni aliniambia kwa utulivu kabisa: "Rahisi ni ghali, ulipaswa kujua." Yaani aliyedanganywa ndiye aliyekosa. Aliyedanganya anafanya biashara.

Kwanza, bei ya punguzo haina maana ya "nadanganya". Maduka hupunguza bei kila siku. Hupunguza unga, hupunguza viatu, hupunguza runinga wakati wa Kombe la Dunia. Hakuna mtu anayenunua unga wa punguzo halafu akikuta mchanga anaambiwa ulitaka nini. Kwa nini kompyuta ziwe na dini yake?

Pili, na hapa naomba mnisikilize vizuri, mimi sina ugomvi na kitu kilichotumika. Hata kidogo. Kompyuta yangu ya kwanza chuoni ilikuwa ThinkPad kuukuu kutoka Uingereza, bado ina kibandiko cha namba ya mali ya ofisi ya watu huko. Nikaisomea digrii nzima. Tukiondoa vilivyotumika, Mombasa inabaki uchi, na sisemi kwa mafumbo. Mwaka 2009 serikali ya Uganda ilitangaza kupiga marufuku uingizaji wa kompyuta na friji zilizotumika, na watu wakashangilia kwamba taka zimekwisha. Mimi sitaki hivyo. Kijana anayeanza anahitaji kitu cha bei ya chini, na kadi iliyochimba sarafu si lazima iwe mbovu. Wachimbaji wengi walipunguza umeme wa kadi zao ili zisichemke, na joto lisilopanda na kushuka kila mara lina unafuu wake kwa lehemu. Kinachochakaa zaidi ni feni na vile vitambaa vya kupitisha joto. Kadi hii hii ningeambiwa, "Kaka, hii ni chipu ya zamani kwenye ubao mpya, nakupa kwa 8,000, dhamana mwezi mmoja," ningelipa na kushukuru. Binamu pia angelipa, ila angenunua moja kwanza, ajaribu.

Hicho ndicho nilichoibiwa. Niliibiwa nafasi ya kupiga hesabu sahihi, na zile shilingi zinafuata nyuma yake.

Nendeni soko la Kongowea mkasikilize wauza mitumba. Mama pale anakwambia bila haya kwamba hii ni kamera, nguo safi ya chaguo la kwanza, na ile rundo la kule ni fagia, chagua mwenyewe kwa bei ya mwisho. Ana msamiati mzima wa daraja za vitu vilivyovaliwa. Kola ikiwa na doa anakuonyesha doa, halafu anashusha shilingi ishirini. Hajaenda chuo kikuu, hana tovuti, hana mstari mwekundu juu ya bei. Au tazama magari yanayoshuka bandarini hapa hapa kwetu. Kuna kiwango cha taifa, KS 1515, kinachosema gari lililotumika lisizidi miaka minane, na hukaguliwa huko linakotoka kabla ya kupakiwa melini. Udanganyifu upo, mita hurudishwa nyuma, najua. Lakini angalau hakuna anayesimama mbele ya Toyota ya Japani ya miaka saba akakwambia ni mpya wewe ndiye unaiwasha mara ya kwanza. Sisi watu wa teknolojia, tunaojiona mbele ya wote, ndio tuliobaki na maneno mawili tu, "mpya" na "kama mpya", na ya kwanza tunaitumia pale ambapo ya pili ingekuwa bado ni uongo.

Tatu, kuna sheria, na hapa ndipo mwenye duka alipoanza kunitazama vingine. Kenya ina Sheria ya Kuwalinda Watumiaji ya mwaka 2012. Sehemu ya 12 inataja maelezo ya uongo kuhusu bidhaa, na miongoni mwake ni kusema bidhaa ni mpya au haijatumika ilhali sivyo, au ilhali imekarabatiwa au imetengenezwa kwa vitu vilivyookolewa. Someni tena hapo mwisho. Mtunga sheria alimwona fundi wa lehemu akija. Ile hoja ya "ubao ni mpya lakini chipu ya zamani, sasa utasemaje?" imekwisha jibiwa. Na sheria haikukataza muuzaji kuijaribu bidhaa kabla ya kukupa. Majaribio hayo ya kawaida hayaifanyi iwe imetumika. Miaka minne ya kuchimba Ethereum si majaribio.

Kuna pia Sheria ya Ushindani ya 2010, ambayo katika sehemu ya 55 inafanya kuwa kosa kusema kwa uongo kwamba bidhaa ni mpya, au kudanganya kuhusu historia yake na matumizi yake ya nyuma. Juu ya zote kuna Katiba ya 2010, kifungu cha 46: haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa, haki ya kupewa habari zinazohitajika kuhusu bidhaa, na haki ya fidia kwa hasara. Yale maneno ya "mali ikishauzwa hairudishwi" ni wino tu. Haki za sheria ile ya watumiaji haziondolewi kwa mkataba, sembuse kwa muhuri wa mpira.

Nilipomtajia haya akacheka kidogo. "Kaka, utanipeleka kortini kwa elfu kumi na nne?"

Ndilo swali lake la pili, na ni bora kuliko la kwanza, kwa sababu kwa miaka mingi jibu lilikuwa hapana. Nani atamlipa wakili kwa kadi ya michoro? Lakini tangu Sheria ya Mahakama ya Madai Madogo ya 2016, na mahakama zenyewe zilipoanza kazi 2021, madai yasiyozidi shilingi milioni moja yana mlango wake. Unaweza kujisemea mwenyewe bila wakili, na kesi inatakiwa iishe ndani ya siku 60. Mombasa ipo. Sikuwa nimeyasoma haya kabla ya Jumamosi, nakiri. Nina digrii na nilikuwa sijui haki ya mtu aliyenunua pasi mbovu.

Nawajua wenzangu wa maduka watakaoniandikia kwamba wao pia huletewa sanduku limefungwa, hawajui kilichomo. Nakubali kwa sehemu. Pengine huyu bwana naye aliuziwa. Lakini yeye ana njia ya kujua kwa dakika tano bila kukata stika yoyote: achomeke kadi moja katika kila shehena, aisome namba yake. Ikisema 6fdf, basi aandike 2048SP kwenye bei yake. Asipojua kama chipu ni mpya, aandike "sijui kama chipu ni mpya". Yeye ndiye mwenye mawasiliano na aliyemwagizia. Yeye ndiye mwenye karatasi za forodha. Yeye ndiye aliyeandika neno "mpya" kwa kalamu yake. Mzigo wa kuthibitisha neno hilo unawezaje kuhama ukanikalia mimi, niliyekuja na bisibisi ya mia mbili?

Na nyinyi mnaonunua, nawaomba jambo moja tu la kiufundi, kwa kuwa hii bado ni blogu ya teknolojia. Mwambie muuzaji aiwashe kadi mbele yako. Soma namba ya utambulisho na idadi ya viini, linganisha na kile unachouziwa, ndipo ulipe. Kwenye Windows kuna programu ndogo ya bure, GPU-Z, inakuonyesha yote kwenye ukurasa mmoja. Muuzaji akikataa kuiwasha, hilo nalo ni jibu. Na risiti iandikwe jina kamili la kadi pamoja na neno "mpya" au "imetumika". Mimi angalau neno hilo ninalo, kwa mwandiko wake.

Mwisho wa mazungumzo alinipa pendekezo: nimrudishie kadi tatu, anipe mbili "nyingine", nami nisiandike kitu mtandaoni. Nikamuuliza hizo nyingine ni za aina gani. Akasema ni hizo hizo, mpya kabisa.

Binamu alitaka nikubali. Ana siku tisa kabla ya kulipa chama, na watoto wameanza kwenda chumba cha gemu cha mtaa wa pili. Tumekaa barazani kwake jana usiku tukabishana mpaka umeme ukakatika, tukaendelea gizani. Alichosema ni kweli: msimamo wangu haumlipii deni. Nimempa kadi yangu ya zamani, ile ndogo niliyokuwa nimeiweka kando, aitumie kwenye mashine moja, na nimemlipia nusu ya mkopo kwa sababu lile neno "la kuaminika" lilitoka kinywani mwangu. Barua ya madai nimeichapa. Ina kurasa mbili, picha sita za chipu, na nakala ya risiti. Jina la duka limo ndani yake, na hapa silitaji hadi yeye apate nafasi ya kujibu mbele ya hakimu. Jumatatu asubuhi naipeleka dukani kwanza, nikiwa na kadi zote tatu mkobani.